Ukuta Hauzuii

Chini kabisa ya kayaki, mahali ambapo kwenye jahazi pangeitwa ngama, kimegandishwa kidude cheusi kisichozidi kiganja cha mtoto. Gundi imekizunguka, imekauka, ina mng'ao hafifu. Ubavuni mwake unachomoza waya mmoja, unatambaa katika giza la tumbo la chombo, unapenya sitaha na kuishia kwenye kioo kidogo mbele ya mpiga kafi. Kidude hicho huitwa transdyusa, na ndicho roho ya mashine ya kutafutia samaki. Cha ajabu ni kwamba hakiyagusi maji hata siku moja. Kati yake na ziwa pana sakafu nzima ya plastiki, milimita kadhaa za unene, na bado kazi yake ni kuliuliza ziwa lina kina gani na nani anaishi humo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Mimi kimenishughulisha kile kilichoundwa kisionekane: sikio lililofungiwa ndani ya nyumba, milango na madirisha yamefungwa, nalo linawasikia wapitao barabarani.

Kazi yenyewe niliishuhudia katika gereji ya jirani yangu hapa Portland, katika jimbo la Maine, mwezi ambao barafu ya maziwa ilikuwa imeanza kuachia. Jirani huyu alizaliwa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na ziwa lake la sasa ni Sebago, lile linaloipa Portland maji ya kunywa. Kwanza alikuwa ameipeleka kayaki ziwani, akamwaga maji kidogo ndani yake, akawa anakisogeza kidude huku na huku juu ya sakafu mpaka tarakimu za kioo zikalingana na zile alizopata alipokitumbukiza ziwani moja kwa moja. Mahali hapo akapatia alama ya kalamu. Sasa gerejini alikuwa amelala kifudifudi juu ya sitaha, mkono mzima umezama kwenye tundu la mfuniko nyuma ya kiti, shavu limebanwa kwenye plastiki, macho yanatazama ukuta usiohusika na lolote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alikwangua kwa msasa, akafuta kwa spiriti, akamimina gundi polepole mahali pamoja ili ijitandaze yenyewe. Kisha akakilaza kidude kwa mshazari, ukingo mmoja ukitangulia, akakishusha taratibu na kukizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, akikikandamiza kwa vidole viwili. Hakuwa anaona kitu. Vidole ndivyo vilivyokuwa vikimweleza. “Dada,” aliniambia bila kuinua shavu, “upepo kidogo tu ukibaki humu, hatutaona kitu.” Akaweka kopo la rangi juu yake liwe uzito, akafunga mfuniko na kuiacha gundi ikauke mpaka kesho yake.

Upepo aliousema ni hewa, na hewa ndiyo habari yote ya kazi hii. Sauti huenda majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Hewani huenda mita 340 tu. Tofauti hiyo ya mwendo, pamoja na wepesi wa hewa ukilinganishwa na uzito wa maji, huufanya mpaka wa vitu hivi viwili kuwa kama kioo kwa sauti: karibu yote inayoufikia hugeuka na kurudi ilikotoka. Plastiki ya kayaki, polithini, ina tabia nyingine. Uzito wake unakaribiana na wa maji, na sauti hupita ndani yake bila kuona ugeni mkubwa. Hupotea kiasi, lakini nyingi huvuka. Kwa hiyo ukuta mzima wa plastiki ngumu hupitisha swali na jibu, ilhali tabaka la hewa jembamba kuliko karatasi, kiputo kimoja kilichojificha chini ya kidude, huyakatiza yote mawili. Ndiyo maana vyombo ambavyo sakafu yao ina sponji katikati havifai kwa kazi hii hata kama sponji yenyewe ni laini na nyepesi: kila kitundu chake kimejaa hewa, na kila kitundu kinarudisha sauti nyuma. Tumezoea kuamini kwamba kinachozuia ni unene na ugumu. Hapa kigumu kinapitisha, na kitupu kinazuia.

Wanaolijua jambo hili kuliko wavuvi ni akina mama waliowahi kulala kwenye kitanda cha zahanati wakisubiri ultrasaundi. Ile jeli ya baridi inayomshtua mama inapomwagwa tumboni haina dawa yoyote ndani yake. Kazi yake ni moja tu, kuifukuza hewa iliyo kati ya ngozi na kipimo, ili sauti iingie hadi kwa mtoto na kurudi. Ngozi haizuii, misuli haizuii, maji ya uzazi hayazuii. Bila jeli, mtoto yuleyule aliye sentimita chache tu kutoka mkononi mwa mpimaji anakuwa hayupo. Na kabla ya mashine hizo, mkunga alikuwa na kipembe chake cha mbao, akikikandamiza tumboni na kukikandamiza sikioni, pasiwe na nafasi upande huu wala ule, akanyamaza na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtu ambaye hajazaliwa. Kugusa barabara ndiko kulikokuwa kusikia kwenyewe. Mkunga aliyekiacha kipembe kining'inie hakusikia ila uvumi wa chumba.

Nimekuwa nikiwafikiria watu kwa kipimo hiki tangu siku ile ya gerejini. Tunapozungumzia yanayowatenga wanadamu tunataja kuta: lugha, dini, bahari, umri, rangi, pasipoti. Kuta zipo na ni nene. Lakini nimeona swali likipita katikati yake. Jirani yangu na mzee mmoja Mmarekani wanaovua pamoja hawana lugha wanayoimudu wote wawili sawasawa, na mmoja akifunga kwaresima mwenzake haamini chochote, lakini wanaelewana kuhusu upepo, chambo na wajukuu. Na nimeona ndugu wa tumbo moja, wanaokula sahani moja, wasiosikilizana kwa sababu ya kitu chembamba kiasi kwamba hawezi yeyote kati yao kukionyesha: neno lililomezwa kwenye kikao cha mirathi, salamu iliyoitikiwa nusu. Sisi tulio mbali na kwetu tunaujua mwanya huo kwa jina lake la kila Jumapili. Simu inavuka Atlantiki na bara zima la Afrika bila kukwama. Mama anauliza, “Hamjambo huko?” Tunajibu, “Hatujambo, mama, tunamshukuru Mungu.” Naye tukimuuliza anajibu hivyohivyo, huku dawa zake za presha zimekwisha juma lililopita na sisi tumepunguziwa zamu kazini. Kilomita elfu kumi na zaidi zimepitisha sauti safi kabisa. Kilichoirudisha ni ile hewa kidogo, heshima iliyogeuka kuwa umbali, huruma ya kila upande kutomtia mwenzake wasiwasi.

Kuna njia nyingine ya kusikia, nayo ni keekee. Kwenye vyombo vikubwa sakafu hutobolewa, transdyusa ikapitishwa kwenye tobo hadi majini, ikafungwa kwa nati na kuzibwa. Mwenye kayaki huikwepa njia hiyo kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtoto wa pwani: tobo utalisahau wewe, maji hayatalisahau. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Pemba wametumia maisha yao kupigilia kalfati, pamba iliyotiwa mafuta, kwenye kila mshono kati ya ubao na ubao, na wakipaka sifa, yale mafuta ya papa, wanapaka kwa sababu wanaijua subira ya maji. Ustadi wa fundi wa Lamu na ustadi wa jirani yangu ni mmoja ingawa maadui wao ni tofauti. Yule anayafukuza maji yasiingie, huyu anaifukuza hewa isibaki. Wote wawili wanapigana na nafasi, na wote wawili hujua kwa vidole kabla ya macho. Tena polithini ina kiburi chake. Ni plastiki isiyopenda kushikana na kitu, gundi nyingi hubanduka juu yake, na kwa hiyo wapo wasiokigandisha kidude kabisa. Hujenga duara dogo la sponji juu ya sakafu, humimina maji kidogo humo au hujaza mafuta ya mgando, kisha hukilaza kidude ndani yake. Njia hii naipenda kuliko zote. Anayetaka kulisikia ziwa bila kulijeruhi ganda la chombo chake analikaribisha kwanza ndani, kiasi cha kikombe, na kupitia maji hayo anayafikia maji mengine yote. Kutoboa ni kupata jibu kwa nguvu. Huku ni kuuliza kwa adabu, na jibu linalopatikana kina ni lilelile.

Kabla ya vidude hivi, nahodha aliyeingia maji asiyoyajua alimwambia baharia atie bildi. Kipande cha risasi kilishuka na kamba yake, baharia akahesabu pima kwa pima mpaka mkono ulipohisi ulegevu, na ulegevu huo ndio uliokuwa chini ya bahari. Kulikuwa na ukweli wa mwili katika kipimo hicho: mtu mmoja, kamba moja, mguso mmoja. Sauti ilichukua nafasi ya kamba kwa hatua za ajabu. Mwaka 1826 Mswisi Daniel Colladon alikaa ndani ya mashua kwenye Ziwa Geneva usiku, sikio likiwa kwenye bomba refu lililozamishwa majini, akisubiri kengele iliyogongwa chini ya maji kutoka mashua nyingine, zaidi ya kilomita 13 mbali. Mmweko wa baruti ulimwambia lini kengele imegongwa, na saa ikamwambia imechukua muda gani kumfikia. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme, na muda si mrefu ikajulikana kwamba kinyume chake pia ni kweli, zikipewa umeme hutetema. Mwanafunzi wa Pierre, Paul Langevin, aliitumia tabia hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kuzisaka manowari zilizojificha chini ya bahari. Mwaka 1948, baada ya vita vingine, ndugu wa familia ya Furuno kule Japani wakaanza kuwauzia wavuvi mashine iliyofanya hivyo kwa samaki. Hata plastiki ya kayaki ina historia ya namna hiyo: polithini ilipatikana Uingereza mwaka 1933, na vitani ilifunika nyaya za rada. Mvuvi anayepiga kafi asubuhi ya Jumamosi amekalia hofu za watu wa zamani zilizopoa. Nalichukulia hilo kuwa faraja, kiasi.

Sasa nimefika mahali ambapo wazo langu kuhusu mwanya linanigeuka. Kidude kinapotuma mlio wake chini, ni kitu gani hasa kinachoujibu? Nyama ya samaki sehemu kubwa yake ni maji, na sauti huipita karibu kama vile imepita maji. Kinachopiga kelele kwenye kioo ni kibofu chake cha hewa, kile kifuko anachokijaza na kukipunguza ili aelee kwenye kina anachokitaka. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanakijua vizuri: ni bondo, na mabondo ya sangara siku hizi hununuliwa kwa bei ambayo minofu haiioni, yakasafirishwa hadi Uchina kuwa supu ya wenye nacho. Kikulacho ki nguoni mwako. Kifuko kilekile kinachomshika samaki asizame ndicho kinachomtangaza kwa mashine, na akishavuliwa ndicho kinachomtangaza sokoni. Papa na taa hawana kibofu hicho. Papa ni mwili mkubwa, lakini kwa mashine ndogo jibu lake ni hafifu kuliko ukubwa wake, na mvuvi anayetegemea kioo peke yake anaweza kumpita juu ya mgongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo hewa ileile tuliyoifukuza kwa msasa na vidole upande huu wa plastiki, upande wa pili ndiyo tuliyoifuata. Isingekuwepo mahali popote, sauti ingeshuka, ikapita katika karibu kila kitu na kurudi na habari hafifu tu ya yeyote ila tope na mwamba.

Ninalisoma hivi, ingawa mtu mwingine ana haki ya kulisoma vingine. Mwanya ulio kati yetu ni hasara. Mwanya ulio ndani ya mtu ni wake, na mara nyingi ndio unaomfanya atambulike. Kila mtu ana mfuko wake wa utupu anaouongeza na kuupunguza ili aelee: msiba ambao hakuulia wote, jambo analolikosa tangu utotoni, mji aliouacha. Tunapomjua mtu kwa kweli, mwangwi unatoka hapo. Sifa zake, kazi yake, jina lake, vinafanana na vya wengine, sauti hupita tu. Anayemsikiliza mwenzake vizuri ni yule aliyeondoa hewa yake mwenyewe, haraka yake, shauri lake lililokwisha kutayarishwa, majigambo yake, ili hewa ya mwenzake iweze kujibu. Nami naogopa upande wa pili wa jambo hilo, kwa kuwa soko la mabondo lipo hata kwa wanadamu. Wako wanaojifunza kuupata utupu wa mtu haraka sana, na wakiupata wanamtupia chambo hapohapo.

Na tusidhani kwamba kinachorudi ni picha. Ukikitazama kioo cha mashine utaona sakafu ya ziwa ikitambaa kutoka kulia kwenda kushoto, na juu yake matao ya samaki, na utaapa kwamba unaona upande wa chini wa kayaki kama vile umekatwa kwa kisu. Lakini kilichopo sasa hivi ni mstari mmoja tu, ule wa mwisho kabisa upande wa kulia. Vyote vingine ni vilivyopita. Samaki aliyetulia chini ya kayaki iliyotulia atachora mstari mrefu kama nyoka. Samaki mkubwa apitaye mbio atachora alama fupi. Na wale samaki unaowaona katikati ya kioo wameshaondoka. Tunachokiita ramani ni kumbukumbu. Sakafu nayo inaweza kudanganya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mabaharia wa Marekani waliona kwenye vipimo vyao vya sauti kitu kilichofanana na chini ya bahari, kwenye kina cha mita mia kadhaa, mahali ambapo bahari yenyewe ilishuka maelfu. Sakafu hiyo ilipanda jioni na kushuka alfajiri. Walikuja kutambua kwamba ni viumbe hai, umati wa samaki wadogo na jamaa zao, wengi wakiwa na vifuko vyao vya hewa, wakipanda usiku kula karibu na uso wa bahari na kurudi gizani kabla ya jua. Kilichoonekana kuwa mwisho wa bahari kilikuwa wakazi wake. Ni mara ngapi tumesema kuhusu mtu, au kuhusu nchi, kwamba sasa tumefika chini yake, kumbe tumegonga tu tabaka la kwanza la maisha yake.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii inasikika kama ya watu wa bildi, na mtu anaweza kufikiri imezeeka sasa kwa kuwa kayaki yenye betri ndogo inajua kina cha maji ambayo hakuna aliyeyafika. Sebago ina kina cha mita 96 hivi mahali pake pa chini kabisa, na kidude cha jirani yangu kinaufikia mwisho huo na kurudi katika muda usiotosha kupepesa jicho. Tanganyika ina mita 1,470. Kidude kama hiki kikipelekwa huko, mlio wake ungefifia njiani, na tarakimu zingepepesa, namna mashine inavyokiri kwamba haijapata chini. Lakini wavuvi wa Uvira na Kigoma hawakuhitaji kuifika sakafu hiyo ili wale. Kuanzia mita mia moja au mbili kwenda chini ziwa lile halina oksijeni. Maisha yote ya dagaa na mikebuka yamo kwenye tabaka la juu, na tabaka hilo wanalijua. Hufunga mitumbwi pamoja, huwasha taa juu ya maji usiku wa giza, husubiri dagaa waifuate nuru, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika kwa kuwa taa zao hazishindani nao. Jirani yangu aliniambia kwamba utotoni, akitazama kutoka ufukweni, hakuweza kutofautisha taa za wavuvi na taa za mji wa ng'ambo. Kina alichokijua baba yake hakikuwa na namba. Kilikuwa na saa za usiku, miezi ya mwaka, harufu ya upepo na hesabu ya mwezi. Namba zinatwambia umbali wa kwenda chini. Wingi ambao methali inautaja ni kitu kingine, na kwa hicho bado sharti mtu ayafike maji kwa miaka yake mwenyewe. Mashine inaweza kumwonyesha mvuvi samaki kumi chini ya kiti chake na wote kumi wakakataa chambo mpaka jua lizame. Kuonekana si kukubali.

Kuna kitufe kwenye mashine hizi ambacho kila anayeanza hukimbilia, kitufe cha kuongeza usikivu. Kioo kikiwa kitupu, mtu hudhani mashine haisikii vya kutosha, basi anaongeza, na anaongeza tena. Kama kidude kimegandishwa vizuri, kuongeza kidogo husaidia. Kama chini yake kuna kiputo, kioo hujaa vitone toka juu hadi chini, na mtu hufurahi kwa dakika chache akidhani amekuta kundi la samaki. Vitone hivyo ni kelele ya mashine yenyewe, mlio wake uliogonga hewa hatua ya kwanza tu na kuirudia, ukakuzwa. Nimeisikia kelele hiyo kwenye vikao vya familia, kwenye mabunge, kwenye simu za usiku: mtu ambaye hakusikiwa akapandisha sauti, akajibiwa na sauti yake, akapandisha tena, akaondoka akiamini amefanya mazungumzo. Dawa inayojulikana kwa tatizo la kiputo haina kitufe. Chombo kinarudishwa nchi kavu, mkono unaingia tena tunduni hadi begani, gundi yote ya zamani inakwanguliwa mpaka plastiki ibaki uchi, na kazi inaanza upya kwenye alama ileile ya kalamu. Inagharimu siku nzima ambayo mtu alitaka kuvua. Wengi hawapendi kuitoa siku hiyo, kwa kuwa ukitazama kwa juu kidude kinaonekana kimeshika sawasawa.